Mlango wa Nyuma

Juu ya lango letu pale Nyakato
kuna kibao, herufi nyekundu, kila moja kimo cha mtoto:
LEO KWA LEO.
Leta vipimo asubuhi, ondoka na nguo jioni.
Hiyo ni ahadi ya mlango wa mbele.
Mimi Nkwimba, mtunza stoo, nakaa nyuma na funguo,
mahali ahadi zinapokuja kudai kitambaa.

Jirani yetu Chirangi anachemsha sabuni.
Sabuni ya mche, ya bluu, ile ile tangu niko darasa la tatu.
Haagizi kitu mpaka lori lijae,
anachambua nauli shilingi kwa shilingi kama mchele wenye mawe.
Mafuta yake yakichelewa wiki, nani atajua?
Hajatokea mtu akagonga geti lake usiku
kwamba anataka sabuni ya msiba wa kesho.
Anauza rahisi, kwa hiyo ananunua polepole.
Mlango wake wa mbele na wa nyuma wanaelewana.

Bosi wangu Malongo akamwonea wivu.
"Ona mwenzetu anavyobana!"
Naye akabana. Vitenge akaviagiza Dar es Salaam
kwa behewa, na behewa lisiondoke mpaka lishibe.
Marobota mia tisa, punguzo nono,
akaibusu risiti.
Nikapanga maua ya njano mpaka darini,
yale maua ambayo harusi za mwaka juzi ziliyapenda.

Jumanne, saa kumi, akaja Nabwire wa Nansio.
Hakuketi.
"Shangazi tunamzika Alhamisi.
Gauni arobaini, zambarau. Kikundi chake kilivaa zambarau.
Meli yangu ni kesho saa tatu."
Akanyoosha kidole kwenye kibao
kama anayekuonyesha saini yako kwenye hati ya deni.

Zambarau?
Zambarau ilikuwa Tabora, ndani ya behewa,
ikisubiri mzigo wa mtu mwingine ili safari iwe nafuu.
Nilimwambia hivyo. Hakutukana.
Aliuliza tu, "Unafuu huo ni wa nani?"
akashuka Makoroboi kutafuta khanga za rangi yoyote.

Usiku ule sikulala. Haikuwa huruma peke yake, ilikuwa hesabu.
Kulipokucha nikamkuta Malongo hajamaliza chai.
Tajiri, nikamwambia, tusiige sabuni.
Tununue pamba ya hapa hapa, nyeupe,
ikae bila jina mpaka mteja atamke rangi.
Mhoja wa Igoma ana masufuria manne ya kutia rangi:
saa sita inachemka, jioni iko cherehanini.
Itakula hela. Mita itapanda bei,
na siku nyingine mafundi wawili watakaa bure wakingoja.
Huko kungoja kwao ndiko tunakouza.

Au tushushe kibao.
Tuandike BEI POA, NJOO MWEZI UJAO.
Hiyo nayo biashara, Chirangi anakula kwayo
na usingizi anaupata.
Kinachotumaliza ni kuwa Chirangi huku nyuma
na umeme huku mbele.

"Na maua ya njano?" akauliza.
Sikuwa na jibu la maua ya njano.
Mpaka leo sina. Tumefunikia cherehani mbovu.

Ijumaa akaja Kachwele, mchora mabango,
akaegemeza ngazi langoni, akapanda na makopo mawili:
moja nyeupe, moja nyekundu.
Malongo amesimama chini, mikono mfukoni.
Upande wa stesheni honi ikalia, ndefu.
Zambarau imeingia mjini.
Sote tuliisikia, hakuna aliyegeuka.
Brashi ikidondosha tone kwenye kiatu cha bosi,
Kachwele akauliza kutoka juu:
"Tajiri, nifute au nikoleze?"